Usiseme "Kwangu" Kama Hujajenga

Keti kitako unisikilize, maana nina jambo ambalo limenikaa kooni tangu likizo ya Aprili.

Tulipofunga shule nilipanda matatu hapa mjini Malindi hadi Ganda, kwenda kumwamkua hawe, yaani nyanya, kama tunavyomwita sisi Wagiriama. Mkobani nilikuwa na insha yangu iliyopata alama 11 kwa 20, imejaa mistari myekundu kama uwanja uliochorwa mpira. Hawe hakusoma shule, lakini Kiswahili anakijua. Akaniomba nimsomee. Nami nikakohoa kidogo, nikaanza kwa madaha:

"Nyumbani kwangu ni Ganda. Kila asubuhi ninaamka, ninaosha uso wangu, ninasugua meno yangu, kisha ninavaa nguo zangu na kuelekea shule yangu."

Hawe alicheka mpaka leso ikamwanguka mabegani. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani ushajenga? Na huo uso, ungeosha wa nani mwingine?"

Wallahi niliona haya. Lakini usiku ule nililala nikiwaza, na leo nimefikia maoni yangu, nayo ni haya: wengi wetu tunaandika maneno ya Kiswahili kwa akili ya Kiingereza, na mahali tunapojifichua zaidi ni katika hivi vimilikishi: -angu, -ako, -ake na wenzao.

Hebu tukitazame Kiingereza chenyewe kwanza, bila chuki. Mwingereza ana neno moja tu, "my". Kitabu ni "my", vitabu ni "my", mbuzi ni "my", nyumba ni "my". Neno halibadiliki hata kidogo. Tena katika sentensi za kila siku, nomino kama mkono, kichwa au uso haipendi kwenda peke yake. Ni lazima atajwe mwenyewe. Atasema ameosha uso wake, amevunja mguu wake, kichwa chake kinauma. Hayo si makosa kwake, ndiyo desturi ya lugha yake. Na kuna mahali anatushinda. Sisi tukisema, "Kazungu alimwambia Sidi kuwa kitabu chake kimepotea," je, kitabu ni cha Kazungu au cha Sidi? Hatujui. Mwingereza atajua papo hapo, kwa sababu lugha yake ina neno la mwenye mali wa kiume na jingine la mwenye mali wa kike.

Kiswahili nacho kina njia yake. Chukua neno "changu". Lina vipande viwili: ch- ya kitabu na -angu ya mimi. Kitu kinatangulia, mwenyewe anafuata nyuma. Kiingereza kinamtazama mwenye mali, Kiswahili kinaitazama mali kwanza, ndipo kimtaje mwenyewe. Sasa tukichukua mazoea ya "my" tukayavisha kanzu ya Kiswahili, tunaanguka katika makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la viungo vya mwili. Mtu akikukanyaga ndani ya matatu iliyojaa pomoni, husemi, "Umekanyaga mguu wangu," kana kwamba mguu ni furushi uliloliweka sakafuni. Unapiga kelele, "Wee, umenikanyaga mguu!" Ile -ni- iliyo ndani ya kitenzi imekwisha kusema kuwa mguu ni wako. Vivyo hivyo, "kichwa kinaniuma" si "kichwa changu kinauma". Ni "amemshika mkono", "amevunjika mguu", "nimenawa uso". Katika Kiswahili anayeumia ni mtu mzima, na mguu ni mahali alipoumia tu. Sisemi "mkono wangu" ni haramu. Ikiwa tunashindana kuhusu mkono ulioiba embe, nitaapa kuwa si mkono wangu. Lakini pale ambapo hakuna mashindano, -angu ni mzigo wa bure.

Kosa la pili ndilo lililomchekesha hawe, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Tunaandika "nyumbani kwangu", "kijiji changu", "shule yangu". Sarufi iko sawa, nakubali. Lakini kwetu pwani, na hata bara, "kwangu" ni pale nilipojenga, nina mlango na ufunguo wangu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hana kwake, ana kwao. Akiulizwa atokako husema, "Kwetu ni Ganda," hata akiwa amesimama peke yake. Msikilize mhenga: "Mcheza kwao hutunzwa." Mchezaji ni mmoja, lakini hakusema "kwake". Akasema tena, "Mkataa kwao ni mtumwa." Mtumwa mmoja, kwao! Nyumba ya mtoto ina baba, mama, ndugu, na waliokwisha kulala makaburini. Anayesema "kwangu" amewafuta wote kwa herufi chache.

Wala si mambo ya insha pekee. Historia yetu ya Kilifi na Malindi imejaa kisa cha "changu" na "chetu". Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta Sheria ya Hati za Ardhi, ikawataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao ya mashamba. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, hawakupata karatasi yoyote, na mpaka leo ziko familia zinazoitwa maskwota mahali walipozaliwa babu zao. Waliosema "changu" waliandikwa, waliosema "chetu" wakaachwa nje. Ilichukua miaka mingi, hadi Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ndipo neno "chetu" likapewa nafasi yake katika sheria. Sasa sisi vijana tulitupe katika insha, kwa hiari yetu? La hasha!

Mkumbuke shujaa wetu aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza. Alipopata mwana akajulikana kuwa Mekatilili, maana yake mama wa Katilili. Angalia vizuri: jina la kwanza linamfunga kwa Menza, la pili linamfunga kwa mwanawe. Na kaya zetu pia, sijapata kumsikia mzee akisema "kaya yangu". Ni kaya yetu.

Kosa la tatu mnalijua: "kitabu yangu", "viatu yangu", "jina yangu". Hapa sitaki kuwacheka wenzangu waliotoka mbali, maana hata sisi wa hapa tunayasema tukiwa stendi na uwanjani. Lakini ni ile "my" moja inayotaka kufanya kazi ya wote. Ukisema hivyo unapoteza utajiri mkubwa. Mahali tu pana vimilikishi vitatu. Nyumbani kwangu ni mbali. Nyumbani pangu pana mwembe. Nyumbani mwangu mna siafu. Kwa herufi moja msikilizaji amejua kama yuko nje, mlangoni au ndani!

Labda utaniuliza, mbona basi ni "baba yangu" na "rafiki yangu", wala si "baba wangu"? Swali zuri. Majina ya jamaa na ya mapenzi yamejiwekea kanuni yao: baba yangu amefika, rafiki zangu wamefika. Kitenzi kinamwona mtu, kimilikishi kinafuata umbo la neno. Tena watu wa karibu hatuwaachi mbali na neno linalowamiliki, tunawagandisha: mwanangu, mamangu, mumewe, nduguze, shogangu. Hakuna asemaye "kitimangu" kwa kiti na mlango. Ila tahadhari, ndugu msomaji. "Mamangu" ni asali, lakini "mamako" ukiitamka kwa ukali pale stendi, jiandae kukimbia. Ukimtaja mzazi wa mwenzio, sema taratibu, "mama yako".

Wapo watakaosema, "Lugha hukua bwana, mradi tunaelewana." Kweli lugha hukua. Lakini kukua ni kuongeza, na hapa tunapunguza. Tukibaki na "yangu" moja kwa vitu vyote, na "kwangu" badala ya kwetu, tutakuwa tumekua kwenda chini kama mzizi usio na mti. Isitoshe, katika karatasi ya pili ya mtihani wa taifa, matumizi ya lugha peke yake yana alama 40 kati ya 80. Mtahini hatakuuliza kama mlielewana.

Napendekeza hivi kwa chama chetu. Kila Ijumaa tuchukue ukurasa mmoja wa insha ya mwanachama, tusome kwa sauti, na kila tukikutana na -angu tuulize maswali mawili: Je, ikiondolewa, maana itapotea? Na je, kitu hiki ni changu kweli au ni chetu? Tukirudi nyumbani likizo, tuwasomee wazee insha zetu. Mwalimu atakupigia mstari mwekundu, lakini mzee atakueleza kwa nini.

Mimi nimeanza. Insha ya muhula huu nimeifungua hivi: "Kwetu ni Ganda. Alfajiri huamka, nikanawa uso, nikamuaga mamangu." Nimepata 16 kwa 20. Hawe nikimsomea, sijui kama atacheka tena. Akicheka, nitamuuliza ni wapi pengine nimekosea.

Kiswahili kitukuzwe, kwani ni chetu sote!

Mwanachama, Kidato cha Tatu