Vituo vidogo vya TAZARA visisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie reli ya TAZARA. Benki ya Dunia ilikataa kugharimia ujenzi wake. China ikatukopesha bila riba, na reli ikajengwa 1970 hadi 1975, mali ya Tanzania na Zambia. Safari hii, kufuatia hati ya maelewano iliyotiwa saini Beijing Septemba 2024, ni kampuni ya Kichina inayowekeza, nayo itataka fedha zake zirudi. Siilaumu, hiyo ni biashara. Lakini zitarudi kwa shaba ya Zambia, si kwa magunia ya mpunga ya wakulima wa huku Mlimba. Je, treni ya abiria itaendelea kusimama vituo vidogo, na kwa nauli gani? Viongozi wetu wadai jibu la maandishi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mlimba.