Maji ya Uvuguvugu Katika Tangi la Maji Moto

Askari aliyekesha zamu mpakani Mpondwe, akarejea kwake Munkunyu alfajiri akiwa amelowa mvua, anastahili kuoga maji moto. Akifungua koki na kupata maji ya uvuguvugu, aghalabu husemwa neno moja tu nyumbani: “Koili imekufa, tununue nyingine.” Kauli hiyo imewatia wengi gharama isiyo ya lazima. Katika tangi lenye koili moja, koili iliyokufa huleta maji baridi kabisa. Maji ya uvuguvugu yatuambia kwamba moto upo, ila ama ni pungufu, ama unachanganyika na baridi mahali fulani. Yafaa tupatafute mahali hapo kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza tukumbuke jinsi tangi lifanyavyo kazi. Maji baridi huingia chini. Yapatapo moto hupanda juu, na bomba la kwenda bafuni huchota huko juu. Koili ndiyo ipashayo, na themostati ndiyo ikatayo umeme maji yafikapo kiwango kilichowekwa, ambacho chafaa kiwe nyuzi 60. Tangi la lita 100 lililojazwa maji ya nyuzi 22 huhitaji takriban uniti nne na nusu za umeme kufikia nyuzi hizo. Koili ya kilowati 3 huimaliza kazi hiyo kwa saa moja na nusu. Ya kilowati 1.5 huhitaji saa tatu. Basi mama aliyewasha swichi nusu saa tu kabla ya watoto kuoga asilaumu tangi.

Ikiwa muda ulitosha, jiulize swali moja: je, maji ni ya uvuguvugu tangu mwanzo, au huanza na moto kisha hupoa upesi? Jibu lako litakuonyesha njia ya kufuata.

Yakianza na moto kisha yakapoa upesi

Hapa yawezekana kuwa watu wameongezeka nyumbani na tangi limebaki lile lile dogo. Ikiwa sivyo, shuku tope na ukoko. Vijiji vingi vya Kasese hupata maji ya mtiririko kutoka milima ya Rwenzori, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, maji ya milimani huweza kuja na udongo. Udongo huo hutua chini ya tangi. Chokaa iliyomo ndani ya maji nayo huganda juu ya koili, mfano wa ukoko wa ugali katika sufuria. Nafasi ya maji hupungua, na moto hupita kwa shida. Dalili yake ni tangi kugugumia na kupasukapasuka wakati wa kupasha.

Dawa yake ni kuliosha. Zima swichi kuu, acha maji yapoe usiku kucha, funga koki ya maji yaingiayo, fungua koki ya maji moto ili hewa ipite, kisha fungua koki ya chini na kuyamwaga yote nje kwa mpira. Fungulia maji mapya kidogo yaoshe tope mpaka yatoke safi. Ndipo ufunge koki ya chini na kulijaza tangi hadi maji yatoke mfululizo kwenye koki ya maji moto. Usiwashe umeme kabla ya hapo, kwani koili iwakayo bila maji huungua mara moja.

Matangi mengine huingiza maji baridi kwa juu, yakishuka chini kwa bomba la ndani. Bomba hilo likikatika, baridi humwagika juu ya maji moto. Na tangi lenye koili mbili, ile ya chini ikifa, hupasha sehemu ya juu tu. Mambo haya mawili ni ya fundi.

Yakiwa ya uvuguvugu tangu mwanzo

Pima kwanza kama baridi inachanganyika. Zima umeme, funga koki iingizayo maji baridi katika tangi, kisha fungua koki ya maji moto jikoni. Katika dakika moja au mbili maji hayana budi kukoma. Yakiendelea kutiririka, basi baridi inavuka kutoka bomba jingine, aghalabu kupitia bomba la manyunyu lenye koki mbili zilizoachwa wazi, au koki ya kuchanganyia iliyochakaa. Mpira wa koki wa bei ndogo waweza kumaliza tatizo lote.

Pili, angalia nguvu ya umeme. Mito ya Mubuku, Nyamwamba na Nyamugasani huzungusha mashine za umeme humu humu Kasese, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, huweza kupata umeme hafifu. Koili iliyotengenezwa kwa volti 240, ikipata 180, hutoa zaidi kidogo ya nusu ya moto wake. Taa zikififia jioni na maji yakawa moto usiku wa manane, sababu ndiyo hiyo. Peleka taarifa kwa wasambazaji wa umeme, na upashe maji usiku.

Tatu, themostati. Huenda imeteremshwa, au imechoka na kukata umeme mapema. Fundi umeme na aipime, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Mambo yasiyo ya mzaha

Wapo wanaoiteremsha themostati makusudi ili kuokoa umeme. Wasiiweke chini sana: maji yanayokaa kati ya nyuzi 20 na 45 hulea vijidudu viitwavyo Legionella, viletavyo homa kali ya mapafu kwa mtu avutaye mvuke wake. Lakini maji ya nyuzi 60 nayo humbabua mtu mzima kwa sekunde chache, na mtoto upesi zaidi. Kwa hiyo tia maji baridi kwanza katika beseni, kisha moto, na uyajaribu kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto.

Valvu ya usalama ikidondosha maji wakati wa kupasha, usiizibe kamwe. Lita 100 zikipata moto huongezeka kwa lita moja na nusu hivi, na zahitaji njia ya kutokea. Tangi lililozibwa laweza kupasuka. Na mtu akihisi mtetemo wa umeme katika maji au koki, atoke, azime swichi kuu, asiiwashe tena mpaka fundi aukague waya wa ardhi.

Wanaoishi katika nyumba za serikali wasifungue tangi wenyewe. Wampe msimamizi wa majengo taarifa iliyo kamili: maji huwaje, saa ngapi, na vipimo gani vimefanyika. Anza na muda, kisha mchanganyiko, kisha umeme, themostati na tope. Koili iwe ya mwisho kulaumiwa.