Mwenyekiti wa Jumuiya na Mwenyekiti wa Kitongoji



Likizo hii, sisi mafrateri tunaotoka upande wa Murusagamba tuliombwa kusaidia kuhesabu kura katika uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Katika jumuiya moja kazi ilikwisha kabla chai haijachemka. Katekista alisali, akachana karatasi za daftari vipande vipande, kila mtu akaandika jina la anayemtaka. Bibi wasiojua kuandika walitunong'oneza sikioni, nasi tukawaandikia, tukiwa tumeapa kutosema. Akashinda mama mmoja anayeuza maharage gulioni.

Hakuna aliyemuuliza sera zake. Watu walijua kwamba ndiye aliyewapatanisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa migomba, kwamba michango ya msiba ikipita mikononi mwake haipungui, na kwamba akikukuta umelewa atakuambia hapo hapo, hata kama wewe ni mwenyekiti wa kamati ya parokia. Basi.

Tuliporudi nyumbani tukiwa na furaha hiyo, mmoja wetu akauliza swali lililotuharibia jioni: kwa nini mama huyu hawezi kuwa mwenyekiti wa kitongoji?

Watu ni wale wale. Jumuiya na kitongoji, kwetu, karibu vinakaa juu ya mlima mmoja na kuchota maji mto mmoja. Lakini tarehe 27 Novemba 2024, Watanzania walipochagua wenyeviti wa vijiji, wa mitaa na wa vitongoji pamoja na wajumbe wao, mama huyu asingeweza hata kuchukua fomu. Sheria yetu inataka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amedhaminiwa na chama hicho. Tulipomtania kuhusu jambo hilo alicheka: "Wanangu, mimi kadi niliyo nayo ni ya WAWATA tu."

Wako watakaosema kitongoji ni kitu kidogo, mafrateri wasome falsafa yao. Hao hawajaishi Ngara. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Ukitaka shamba, ukidhulumiwa shamba, mlango wa kwanza ni huo. Na kwetu mpakani kuna jambo zito kuliko ardhi, nalo ni barua. Ukiomba kitambulisho cha Taifa, serikali ya kijiji ndiyo inayosema huyu tunamfahamu, ni wa hapa. Mkaaji wa Morogoro anaichukua barua hiyo kama karatasi ya kawaida. Mkaaji wa Murusagamba, mwenye shangazi ng'ambo ya Burundi na Kihangaza au Kishubi ambacho masikio ya mgeni hayakitofautishi na Kirundi, anaisubiri kama hukumu.

Tunazungumza juu ya wilaya iliyopokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, na ambayo mwishoni mwa Aprili 1994 iliona takribani watu laki mbili na nusu wakivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na wazee wetu bado wanasimulia jinsi neno la kiongozi wa karibu lilivyoweza kumbakiza mtu au kumpandisha gari. Hata Askofu wetu, Mhashamu Severine Niwemugizi, aliwahi kuhojiwa na Uhamiaji kuhusu uraia wake. Kama Askofu anaulizwa, mkulima wa mihogo atasemaje? Mtu wa kumsemea ni mwenyekiti wake. Ndiyo maana tunataka mwenyekiti huyo achaguliwe na majirani wanaomfahamu, si na kikao cha chama kilichokaa mbali nao.

Kanisa lina jina la jambo hili: kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza katika waraka wake wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno: lile linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo, jumuiya kubwa isiwapokonye. Tunaifundisha kanuni hiyo darasani tukitoa mifano ya viwanda vya Ulaya, wakati mfano uko nyuma ya kanisa. Kumjua nani mwaminifu katika kaya hamsini ni jambo ambalo kaya hamsini zinaliweza zenyewe. Chama cha kitaifa kina kazi yake kubwa na halali: bajeti ya nchi, ulinzi, elimu. Sioni, au tuseme hatuoni, sera ya kitaifa juu ya mfereji unaopita kati ya shamba la huyu na la yule.

Matokeo yenyewe yanaonyesha tatizo. Mwaka 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, na chama kimoja kikapata karibu viti vyote. Mwaka 2024 vyama vilirudi, wagombea wengi wakaenguliwa tena, na kwa vijiji chama hicho hicho kikapata asilimia 99 hivi. Hatusemi hapa nani alaumiwe. Ni makala ya mafrateri, si kesi. Tunasema tu kwamba mama yetu wa maharage hakuenguliwa wala hakushindwa. Yeye hakuwahi kuhesabika.

Wazo la mgombea binafsi si la wageni. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akamkubalia. Katiba ikabadilishwa ili kuufunga mlango huo. Mahakama Kuu ikaufungua tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema jambo hilo ni la Bunge, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba kumzuia raia kugombea bila chama kunavunja haki zake. Mwalimu Nyerere naye, mwana wa Kanisa na mwasisi wa chama, aliutetea mgombea binafsi katika kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Mpaka leo mlango umefungwa, hata kwa kitongoji.

Kwingine upo wazi. Nchini Nepal wananchi wanamchagua meya wenyewe, pamoja na viongozi wa kata. Kwetu meya au mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani. Mwaka 2022, katika mji mkuu Kathmandu, mhandisi kijana aliyejulikana zaidi kwa muziki wa rap, Balendra Shah, alisimama bila chama, alama yake ikiwa fimbo ya kutembelea, akavishinda vyama vikongwe. Kama alitawala vizuri au vibaya ni hoja ya watu wa Kathmandu. Sisi tunatazama tu kwamba aliruhusiwa kuulizwa swali na wapiga kura.

Kuna pingamizi ambalo hatuwezi kulipita. Mzee mmoja wa parokia alituambia: mkiondoa chama, zitaingia koo. Ukoo mkubwa utachukua kitongoji, na mwenye ng'ombe wengi atanunua kilichobaki. Tulinyamaza, kwa sababu tumeyaona hayo hata kwenye jumuiya. Tumeona pia wanaume wakikimbia uongozi wa jumuiya usio na posho, akina mama wakifanya kazi zote, kisha Askofu akija mwanaume anatokea kusoma risala. Jumuiya zetu si mbingu. Lakini koo zimo ndani ya vyama tayari, na ng'ombe pia. Chama hakijaziondoa, kimezipa kadi. Na ukoo unaweza kujibiwa na jirani wa ukoo mwingine siku ya kura, mradi naye aruhusiwe kuandika jina.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Uandikishaji wa wapiga kura wa Oktoba 2024 ulitukuta seminarini. Wengine tulijiandikisha mtaa wa seminari, wengine tukasema hatuwajui watu wa pale, tukarudi kusoma Aristotle na mafundisho yake juu ya mji na raia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unafundisha kwamba kupiga kura kwa uhuru ni haki na pia ni wajibu. Kanuni ya 287 inawakataza makleri kushiriki kikamilifu katika vyama, lakini sisi bado si makleri, kwa hiyo hata kisingizio hicho hatuna.

Siku ya kuaga tulipita kwa mama mwenyekiti, akatufungia maharage ya safari. Tukamuuliza kama sheria ingeruhusu angegombea kitongoji. Akauliza uchaguzi wa vijiji utarudi lini. Tukamwambia 2029.

"Mtakuwa mmeshapata ushemasi?"

"Mungu akipenda, mama."

"Haya. Mje mhesabu tena."