Lwanda Magere si Superman

Ukienda kwenye maonyesho ya filamu fupi za wanafunzi hapa Nairobi, jipange kuona moshi. Moshi wa mashine ya kukodi unatoka nyuma ya mti, na katikati yake kuna mzee aliyevaa ngozi ya mbuzi, anazungumza Kiingereza cha taratibu kama msomaji wa habari. Droni inapaa juu ya Bonde la Ufa. Sauti inatuambia kwamba hapo kale palikuwa na unabii. Kabla hujamaliza njugu zako, kijana mmoja ananyoosha mkono na mwanga wa samawati unamtoka kiganjani. Watu wanapiga makofi. Mimi pia hupiga, maana najua hao watoto wamelala njaa ili walipie hiyo kamera.

Lakini wacha niseme wazi. Hiyo ni filamu ya Marekani iliyovalishwa shuka.

Chukua Lwanda Magere, kwa sababu ndiye huteswa zaidi. Shujaa wa Waluo wa Kano, mwili wake jiwe, mkuki ukimgonga unarudi. Wanandi, ambao Waluo huwaita Lang'o, wanachoka kushindwa, wanamtolea binti yao awe mke. Siku moja Magere anaugua. Anamwambia mke yule: usichanje mwili wangu, chanja kivuli changu upake dawa. Anachanja, na kivuli kinatoka damu. Binti anarudi kwao na hiyo habari. Vita vinapoanza tena, mkuki unatupwa kwenye kivuli, na Magere anakufa, anageuka jiwe ambalo wawindaji walisemekana kunolea silaha zao.

Sasa niambie, moyo wa hadithi hii uko wapi? Uko chumbani. Mgonjwa, mke, wembe, ukuta wenye kivuli. Waigizaji wawili tu! Mwanafunzi asiye na pesa angeomba nini zaidi? Sinema yenyewe ni mchezo wa mwanga na kivuli, na hapa kuna mtu ambaye uhai wake umo ndani ya kivuli. Piga picha saa kumi jioni, jua likiwa limeinama, uone kivuli kinavyorefuka kumzidi mwenyewe. Bure kabisa. Badala yake tunapewa dakika nane za vita vya watu sita waliojipaka majivu, na dakika moja ya chumbani, tena gizani, kivuli chenyewe hakionekani.

Nawalaumu wanafunzi kidogo, walimu wao zaidi. Vyuoni wanafundishwa "safari ya shujaa" ya Joseph Campbell, kitabu cha 1949, kana kwamba ni sheria ya trafiki: shujaa anaitwa, anakataa, anakutana na mshauri, anarudi na zawadi. Magere harudi na zawadi yoyote. Hata haendi mbali. Anaangamia kwa kuwa alikuwa mgonjwa na akamwamini aliyemuuguza. Ukilazimisha hilo liingie kwenye mchoro wa Campbell, lazima ukate kitu, na kinachokatwa kila mara ni yule mwanamke.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Katika simulizi nyingi nilizosikia hana hata jina. Filamu humpa rangi ya midomo na tabasamu la hila, akawa Delila wa Kano. Lakini kwa watu wake huyo ni binti aliyetolewa kama ng'ombe, akaishi kwa maadui, akaokoa kaka zake. Filamu yako ukiionyesha Kisumu watashangilia. Ionyeshe Kapsabet. Unaweza kukaa ukumbini na usione haya? Tunaishi nchi ambayo pale Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, watu bado wanauana kwa mpaka na mifugo, na kuna nyumba ambamo baba ni Mluo na mama ni Mkalenjin. Mtoto wa nyumba hiyo akitazama filamu inayosema mke wa kabila lile ni nyoka, ameambiwa nini kuhusu mamake?

Wengine watanijibu kwamba hadithi ya wazee haiguswi. Ajabu! Grace Ogot aliigusa. Katika "The Rain Came", binti wa chifu anapelekwa ziwani aliwe na zimwi ili mvua inyeshe. Ogot akamleta mpenzi wake na vazi la majani, wakatoroka, na mvua ikanyesha vilevile. Badiliko moja, na imani nzima ya kafara inatikisika. Kubadilisha ni halali, ila ujue unachobadilisha na kwa nini.

Kisingizio cha Kiingereza nacho kimechacha. Eti matamasha ya ng'ambo hayataelewa. Souleymane Cissé wa Mali alitengeneza Yeelen kwa Kibambara, na mwaka 1987 Cannes wakampa Tuzo ya Majaji. Walisoma tafsiri chini ya picha, hawakufa.

Na si lazima iwe Magere. Fumo Liyongo, akishachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, anapiga goti karibu na kisima akiwa ameshika upinde, na watu wanaogopa kuteka maji, hawajui kwamba ameshakufa. Filamu nzima iko hapo: kisima, foleni ya mitungi, kiu, na maiti ambayo hakuna anayethubutu kuisogelea. Mama yake analetwa ambembeleze. Ukihitaji moshi kwenye hadithi hiyo, rudi darasani.

Kwa hivyo nina ombi kwa idara za filamu, ambazo kila mwaka hununua taa mpya na droni ya pili. Tengeni nauli. Mwanafunzi apande matatu hadi Kano, alale siku tatu, asikilize wazee wawili wakibishana juu ya yule mke. Kisha avuke aende Nandi, akaulize huko anaitwa nani. Skripti iandikwe akisharudi.