Utulivu wa kununua kwa bando

"Huyu bila simu hali." Mama mwenye nyumba aliniambia hivyo kwa fahari kidogo, utadhani anamsifu mtoto kwa kujua kusoma. Ilikuwa Jumapili jioni, Tabata, nimekwenda kumtembelea rafiki wa siku nyingi. Mtoto ana miaka 3. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, katuni zinapita, dada wa kazi amekaa pembeni na bakuli la wali. Kijiko kikikaribia, mdomo unafunguka. Kikitoka, unafungwa. Macho hayakushuka kwenye bakuli hata mara moja. Ungemuuliza amekula nini, asingejua. Kisha chaji ikaisha. Yowe lililofuata lilimwinua baba mtu kwenye kochi, akatafuta chaja kwa mbio ambazo sijaziona kwake tangu tumalize shule.

Nilicheka. Njiani kicheko kikaniishia, maana nilikumbuka foleni za saluni na ibada ndefu ambazo na mimi nilimtupia wangu simu ili niache kutazamwa.

Tusidanganyane. Ile simu tunajipa wenyewe. Tunanunua utulivu wetu kwa bando, na mtoto ndiye analipa. Anayekimbia, anayepanda makochi, anayemwaga maji tumempa jina: mtundu. Anayekodolea kioo saa mbili bila kujitikisa tunamwita mtulivu, na wageni wanampongeza mama yake. Mtoto wa miaka 3 akitulia hivyo enzi za bibi zetu, angepapaswa paji la uso kuona kama ana homa!

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mwenye miaka 3 au 4: dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku, 60 kati ya hizo za kumtoa jasho, skrini isizidi saa moja, ikipungua ni heri, usingizi wa saa 10 hadi 13, wa mchana ukiwamo. Ambaye hajafika miaka 2, skrini asipewe kabisa. Hata mbeleko imo: mtoto asifungwe mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo.

Sasa njoo kwenye hesabu ya Dar es Salaam. Tamthilia inaisha saa 4:30 usiku, tivii inazimwa, mtoto anabebwa kutoka kwenye kochi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba usiku umeingia. Ule mwanga wa kioo nao ulikuwa unaudanganya ubongo wake kwamba bado kweupe. Saa 11:00 alfajiri anaamshwa, saa 11:30 gari la shule linapiga honi. Amelala saa 6 na nusu. Ukimdai kiwango cha chini tu, saa 10, kufikia Ijumaa anadaiwa saa 17 na nusu. Hata wakimlaza kidogo chekechea, deni halifutiki. Na homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Mchungulie ndani ya hilo gari: shingo imelalia dirisha, sweta limelowa udenda. Darasani mwalimu anamwandikia kwamba hana umakini.

Hapa wenye shule msijifiche nyuma ya wazazi. Nani aliwaambia mtoto wa miaka 4 azungushwe mitaa sita gizani ili gari moja lifanye kazi ya mawili? Nani aliwatuma kumpa kurasa mbili za kazi ya nyumbani, herufi moja mara ishirini, jioni ambayo angekuwa anaruka kamba? Na sisi tunalipa, tena kwa madaha. Iko chekechea dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani, tunaipita kwa sababu haina gari la njano. Kwenda na kurudi kwa miguu, zile dakika 20 zingekuwa tayari zimeingia kwenye 180 zake.

Serikali nayo Desemba 2021 ilizindua programu ya taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Vizuri. Basi itoke kwenye kabrasha ifike kituo cha gari la shule: darasa la watoto wadogo lisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na anayewabeba alfajiri aulizwe.

Najua nitajibiwa kwamba mtoto anajifunza kwenye katuni. Akili and Me inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, kwa Kiswahili safi, na ni kazi nzuri. Muwekee, kaa naye, saa moja ikiisha zima. Wa kumjibu maswali yake ni wewe.

Mama aliyepanga chumba kimoja, bodaboda zinapita mlangoni na mwenye nyumba amepiga marufuku watoto kucheza uani, simgombezi. Ila ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haudai uwanja wala viatu vya michezo. Kufagia na ufagio mkubwa kuliko yeye, kubeba maji kwa kikopo, kujificha nyuma ya pazia, ukuti, kuruka kutoka kwenye stuli: vyote vinahesabiwa. Nyumba itachafuka. Na ichafuke.

Baba, wewe hujanusurika. Mtoto hataiachia simu wakati mkono wako wa kulia umeshika nyingine hadi mezani.

Kama unasoma hapa na imeshapita saa 2:00 usiku, mtoto wako yuko sebuleni anaangalia tivii mnayoangalia ninyi, na honi ni saa 11:30. Zima. Tamthilia itarudiwa kesho mchana.