Lori moja likilala Kitonga, nani analipa?

Lori likifeli breki na kupinduka katika mlima Kitonga, mkoani Iringa, habari husema waliojeruhiwa ni kadhaa, barabara ilifungwa, kisha ikafunguliwa. Habari huishia hapo. Sisi tunataka kuziangalia saa zile za katikati.

Hii ndiyo barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea Zambia na Kongo. Pale Kitonga inabanwa kati ya ukuta wa mlima na bonde, wala hakuna mahali pa kuchepukia. Semitrela moja ikilala kiubavu, pande zote mbili zimefungwa.

Tuchukulie malori 300 yamekwama kwa saa 10. Hizo ni saa 3,000, sawa na lori moja kukaa bila kazi siku 125. Benki iliyokopesha lori haisubiri barabara ifunguliwe, posho ya dereva na utingo inaendelea, na anayechelewa kurudisha kontena tupu hutozwa faini. Shaba ya Zambia haiozi, ni kweli, lakini mwenye shaba anahesabu siku, na bandari za Durban, Beira na Walvis Bay zinamwita.

Nyanya zinaoza. Ilula ipo juu tu ya mlima huo, na matenga yake yanatakiwa sokoni Dar es Salaam alfajiri. Yakifika saa sita mchana, nyanya zimelainika kwa joto, anayepanga bei ni mnunuzi. Kwa maoni yetu mkulima huyu ndiye anayeumia kuliko wote, maana tajiri wa malori anaweza kupandisha gharama ya usafirishaji safari ijayo. Mkulima hana pa kupandisha.

Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inaukwepa mlima kwa kupita Mlimba hadi Makambako, lakini mzigo mwingi bado uko barabarani. Kupanua barabara kunasaidia, ila tunadhani ipo dawa ndogo na ya haraka zaidi: gari la winchi lenye nguvu ya kuinua semitrela, likae palepale mlimani usiku na mchana. Likiitwa kutoka mbali, nalo hukwama mkiani mwa foleni ileile linayokuja kuifungua.