Meza ya Noeli Kapalata haihitaji bata mzinga wa barafu

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukiingia, jamaa nyingi za Kapalata, mjini Kisangani, zinaanza kuhesabu feza za sikukuu. Kuna nguo za watoto, kuna muchele, kuna vinywaji, na juu ya yote kuna nyama. Mgeni anayeingia nyumbani siku ya Noeli ama ya Bonana anatafuta kwanza sufuria iko wapi. Na katika miaka hii ya simu na filamu, picha mpya imeingia katika hesabu hiyo: ndege mkubwa mzima, ngozi yake rangi ya dhahabu, amelazwa katikati ya meza. Ni bata mzinga, ambaye wengi wanamwita kwa Kifaransa dindon.

Chakula cha sikukuu si jambo la kuchekwa, na hasa Kapalata. Katika Kivu, watu wazima wengi wanalikumbuka jina hilo kwa sababu ya kambi: mwaka 1997, vijana na watoto wa Mai-Mai walikusanywa pale kufundishwa uaskari, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Sahani iliyojaa mahali kama hapo ina uzito wake. Ndiyo maana inaumiza kuona jamaa inakopa ili inunue picha ya filamu, kisha jioni watoto wanatafuna nyama kavu kama gome la mti, na lawama zote zinamwangukia mama aliyesimama jikoni tangu asubuhi.

Shida ya kwanza ni barafu yenyewe. Ndege anayekuja kutoka Brazili, Marekani ama Ulaya anatakiwa kukaa katika baridi kali bila kukatizwa mpaka siku ya kupikwa. Kisangani iko karibu kilomita 1,700 kutoka Kinshasa kwa njia ya mto, na umeme unaokatika si habari mpya kwa mtu yeyote wa Boyoma. Nyama iliyoyeyuka, ikagandishwa tena, inapoteza maji yake kila mara. Mpishi anaweza kuwa hodari namna gani, hawezi kuyarudisha maji hayo. Na hasara ya ladha ni ndogo kuliko hatari ya kuumiza tumbo la nyumba nzima usiku wa Noeli.

Shida ya pili ni moto. Bata mzinga dume anaweza kupita kilo 8. Kumwiva mzima kunataka furu kubwa na moto usiobadilika kwa muda wa saa nyingi. Nyumba nyingi za Kapalata zinapika kwa makala ama kuni. Juu ya mbabula, ndege wa namna hiyo anaungua nje wakati mfupa wa ndani ungali na damu.

Shida ya tatu iko ndani ya ndege mwenyewe, na inamhusu hata kuku wa uani. Kifua na paja haziivi pamoja. Kifua kina mafuta machache, na kikipita kidogo kiasi cha kuiva kinakuwa pamba mdomoni. Paja lina mishipa mingi, linataka moto wa muda mrefu ili lilainike. Anayepika ndege mzima kwa moto mmoja analazimika kuchagua: kifua kikavu ama paja gumu. Wapishi wa Marekani, kwenye desturi ya bata mzinga wa sikukuu, wanapambana na jambo hilo kila mwaka, na wao wana furu na vipimo vya joto.

Mama wa Kisangani ana jibu la zamani: kukata. Ndege akatwe vipande, mapaja na mgongo vitangulie kwenye sufuria, kifua kifuate baadaye. Kuku wa kienyeji aliyezeeka anaweza kutaka saa mbili za moto mdogo. Kifua chake kinaweza kuingia katika nusu saa ya mwisho. Kifuniko kifungwe vizuri ili mvuke usitoroke. Maji yawe machache, kwa sababu nyama inatoa maji yake yenyewe. Anayefungua sufuria kila dakika tano anafukuza kile anachokitafuta.

Chumvi nayo ina wakati wake. Wengi wanaitia mwishoni, juu ya mchuzi, na nyama ya ndani inabaki bila ladha. Kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa kilo moja ya nyama, kikisuguliwa mapema pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kidogo, kinafanya kazi mbili. Kinaingiza ladha, na kinaisaidia nyama kushika maji yake ikiwa motoni. Mapishi ya nchi za baridi yanasema nyama ilale na chumvi usiku kucha ndani ya friji. Kwa joto la Kisangani, nyumba isiyo na friji isifuate shauri hilo. Kuku achinjwe asubuhi mapema, asafishwe, atiwe chumvi, afunikwe mbali na nzi, na asizidi saa mbili kabla ya kuona moto.

Tena kuna majani. Liboke, ambalo watu wengi wanaliweka kwa samaki tu, ni rafiki mkubwa wa kifua cha kuku na cha bata mzinga. Vipande vinachanganywa na vitunguu, nyanya, pilipili na mafuta kidogo ya mawese, vinafungwa katika majani ya kufungia chikwange ama ya ndizi yaliyopitishwa motoni ili yasipasuke, kisha vinawekwa juu ya makala yasiyo na ndimi za moto. Ndani ya jani nyama inaiva kwa maji yake yenyewe. Anayependa mchuzi ana moambe, mchuzi wa ngazi, ambao wengine wanauita mosaka. Ni mzito, una mafuta, unaifunika nyama na kuilinda. Pembeni kunakuja lituma, ndizi zilizopondwa, ambayo ni fahari ya Kisangani. Mchuzi ukiwa mwingi, kuku mmoja anawatosha watu wengi zaidi, hata jirani aliyepita kusalimia.

Wapo watakaosema kwamba kuku wa kienyeji ni mgumu, na kwamba mapaja ya barafu mara nyingi ni rahisi kwa mfuko. Ni kweli, na mtu asichekwe kwa kununua kile anachokiweza. Ila sheria za jikoni zinamhusu pia. Achague duka ambalo baridi yake haikatiki, na akwepe mfuko wenye barafu nyekundu iliyoganda chini, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba nyama iliyeyuka ikagandishwa tena. Asiiyeyushe juani. Aizamishe katika maji baridi, ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, na kubadilisha maji kila nusu saa. Mapaja yanataka saa moja ama mbili, na bata mzinga wa kilo 5 saa tano hivi. Ikiisha kuyeyuka, ipikwe siku ileile. Na aonje kabla ya kuongeza chumvi, kwa sababu nyama ya barafu mara nyingine imekwisha kutiwa maji ya chumvi huko ilikotoka.

Kwa wote, alama ya kuiva ni moja. Paja likichomwa mahali pa unene, maji yatoke meupe bila damu, na mfupa uzunguke kwa urahisi kwenye kiungo. Wenye kipimo wanatafuta digrii 74. Kisha nyama ipumzike robo saa kabla ya kugusa kisu, hata kama watoto wanalia, kwa sababu ikikatwa ingali inachemka, maji yake yote yanabaki kwenye ubao.

Lakini mpishi peke yake hawezi kufanya kila kitu. Kuku wa kienyeji anakuwa ghali siku za sikukuu kwa sababu ni wachache, na kati ya sababu za uchache huo ugonjwa wa Newcastle una nafasi kubwa: unaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Chanjo iko. Ile inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Inawekwa tone moja katika jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi minne hivi. Tanzania na Msumbiji wameitumia vijijini kwa miaka mingi. Wakubwa wa jimbo la Tshopo wanaosimamia mifugo wangetoa zawadi nzuri zaidi ya Noeli kama chanjo hiyo ingefika katika nyua za Kapalata mwezi wa Agosti, kuliko hotuba za Desemba.

Feza anayolipwa mama anayefuga kuku uani inabaki mtaani: inalipa masomo ya mtoto, inanunua sabuni kwa jirani. Anayetaka bata mzinga kweli, amtafute kwa mfugaji wa hapa, amkate vipande, na amfunge katika majani. Hatafanana na yule wa filamu. Lakini watoto watalamba vidole, na mwezi wa Januari hakuna mtu atakayepiga hodi kudai deni.